Nani Ataonja Mayai ya Leokadia

Wifi yangu Leokadia,

Masika yameanza, na kaburi lako limezama kidogo upande wa chini, kama udongo mpya unavyofanya ukinywa maji. Tumeongeza udongo na kuushindilia. Nimepanda masale kwenye pembe zote nne. Mawili yameshika, mawili bado siyaamini.

Najua wafu hawasomi barua. Lakini tangu siku kaka yangu alipokuleta Uru kama bibi harusi mpaka siku tuliyokulaza karibu naye, mimi na wewe tumezungumza kila jioni juu ya ua wa masale, wewe ukiwa kwenye kihamba chako na mimi kwenye kipande alichoniachia baba, na mdomo haujui kuacha ghafla. Isitoshe, Jumatatu ya Pasaka uani kwako limetokea jambo ambalo watu wataanza kulisimulia kila mtu kwa namna yake. Ni afadhali ulisikie kwangu, na kwa mpangilio. Utaniambia, kama kawaida yako, "Mwalimu, fupisha." Sitafupisha.

Ni habari ya mayai.

Baada ya mazishi watu waliulizana mambo mengi: nani atachuma kahawa, nani atalisha ng'ombe, Deo mwanao ataacha lini kuendesha malori ya Tunduma akae nyumbani. Mayai hakuna aliyeyauliza. Mimi niliyawaza, nikanyamaza. Niliwaza Jumatatu ya Pasaka watoto wa jumuiya wote wamejaa uani kwako na vikopo vyao, na wewe hupo, na sinia halipo.

Unakumbuka uliponifundisha kuyatia rangi mara ya kwanza? Nilikuwa nimetoka chuoni kusomea ualimu wa kemia na nilidhani hakuna rangi duniani nisiyoijua. Ulinipa gunia nikaokote maganda ya vitunguu sokoni Kwa Sadala, chini ya meza za akina mama, na nikaona aibu kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakipita. Tukayachemsha mpaka maji yakawa mekundu ya tofali. Ukachuma majani madogo ya jimbi la porini, yale yaliyochanika kama unyoya, kando ya mfongo, pale maji yanapopinda kuingia kwenye migomba yako, ukabandika jani moja juu ya kila yai, ukalifunga kwa kipande cha soksi ya nailoni lisichezecheze. Yai likatoka limekuwa kahawia nyekundu, na katikati jimbi jeupe, kila kipande cha jani kikionekana. Nilikuuliza ulijifunzia wapi. Ukasema kwa sista mmoja mzee aliyekuwa na bustani misheni, ulipokuwa msichana wa kumwagilia maua. Ukaongeza, "Yeye alikuwa anapaka mafuta mwishoni yang'ae. Mimi napaka mafuta ili mtoto akishika asiseme ni la jana."

Kokwa za parachichi zilitupa waridi hafifu. Manjano yalitupa njano. Choya ilinishangaza: majani yake ni mekundu, mchuzi wake ni mwekundu, lakini yai hutoka la buluu ya mawingu. Nilikueleza kwamba ganda la yai ni chokaa, na chokaa hubadilisha rangi ya choya. Ukanisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Sawa. Sasa nigeuzie lile la pembeni."

Na ulikuwa na desturi yako ya mwisho, ambayo hukunifundisha kwa sababu hakuna mtu wa huku anayefundishwa. Kabla mtoto yeyote hajapewa, ulichagua yai moja mbele ya watu, ukalimenya, ukauma, ukasema, "Nimeonja." Ndivyo tunavyofanya na pombe ya mbege pia. Mwenye nyumba hunywa funda la kwanza ndipo kata ya kunywea iende kwa mgeni. Wazee wetu walikuwa na sababu zao: kulikuwa na watu waliokufa na kata mkononi, au watu walisema walikufa hivyo, na kwa jambo la sumu kusemwa na kutokea ni karibu kitu kimoja. Siku hizi ni adabu tu, kama kumwambia mtu karibu kiti. Lakini adabu ikikosekana, ile sababu ya zamani hurudi.

Sasa nije kwa Neema.

Mkwe wako huyu hukukaa naye sana. Ulimuuguza kidogo alipougua malaria ile, kisha akakuuguza wewe, na siwezi kusema alikuuguza vibaya. Lakini wewe na mimi tulijua kinachosemwa. Ni mtoto wa huko chini. Wazazi wake walitoka Singida kuja kukata miwa tambarare, sasa wana kajaruba ka mpunga Chekereni, na yeye alipanda huku mlimani bila kujua neno moja la Kichagga, anaogopa ukungu, hajui kumenya ndizi mbichi bila kujipaka utomvu nguo nzima. Mama Kalista, jirani yetu mwenye ulimi, alimpa jina: Mtu wa Jua. Tulicheka. Wewe pia ulicheka, nakumbuka, ingawa baadaye ulijifanya unakohoa.

Kwaresima ilipokaribia kwisha, nilianza kuona vitu.

Kwanza mlango wa jiko. Jiko lako halijawahi kufungwa mchana. Moshi ulikuwa unatoka na harufu ya kitu chochote ulichopika ikanifikia ng'ambo. Sasa ukawa unafungwa. Kisha vidole. Alikuja kuniamkia asubuhi, "Shikamoo, Shangazi," na nilipoitikia marahaba nikaona ncha za vidole vyake ni nyekundu ya chungwa, nyekundu ya kuwaka. Alipoona ninaangalia akavificha ndani ya khanga. Nikasema moyoni: mtu aliyepaka hina huonyesha, mtu aliyekata kiazi chekundu husema ni kiazi. Anayeficha anaficha kitu.

Halafu nikamuona kwa dirisha la nyuma, lile linalotazama mgomba wako wa ndishi. Alikuwa anachemsha mayai, na amejifunga khanga puani na mdomoni, kama mtu anayepulizia dawa kwenye kahawa. Kila mara alitoka nje, akasimama kwenye migomba, akavuta pumzi, akarudi. Wifi, umechemsha mayai miaka yote hiyo. Ulishawahi kujifunga pua?

Basi nikashuku, na nitakueleza nilichoshuku, maana hakikuwa ushirikina. Sokoni mjini Moshi kuna ile rangi ya unga ya kutia ukili wa mikeka, inauzwa kwenye vipakiti. Nyekundu yake inawaka hivyo hivyo. Si ya kuliwa. Nimeshaona mtu amechomwa vidole nayo. Nikafikiri: msichana anataka mayai yapendeze, hajui yako yalikuwa yanapendezaje, amenunua kipakiti, na Jumatatu ya Pasaka watoto wote wa jumuiya watakula rangi ya mkeka kwa jina la Leokadia. Hilo la jina ndilo lililoninyima usingizi. Mtoto akiumwa tumbo, hawatasema Neema. Watasema mayai ya Leokadia.

Ungekuwepo ungeniambia, "Si umuulize?" Ndiyo. Lakini mimi sikukuzwa hivyo, wala wewe. Huku ukimuuliza mtu kuhusu sumu, tayari umeshamwita mchawi. Nikaamua kupima.

Nilimwomba mayai machache kwa kisingizio cha kuyapeleka kwa mgonjwa. Akanipa matatu, la buluu, la njano na jekundu. Aliniwekea kwa mikono miwili, kwa heshima. Yeye mwenyewe hakula, wala sikuwahi kumwona akila yai hata moja katika siku zote hizo. Hilo pia nililiweka akilini.

Nikakaa mezani kwangu na limau na magadi. Jaribio lenyewe ni rahisi, nililifanya na watoto wa kidato cha pili miaka mingi. Rangi nyingi za mimea hazitulii. Zikikutana na ukali wa limau zinasema kitu kimoja, zikikutana na magadi zinasema kingine. Nilidondosha limau kwenye yai la buluu, likapovuka kidogo na kuwa waridi. Hiyo ilikuwa choya. Nikapaka maji ya magadi kwenye la njano, likawa kahawia ya damu. Manjano halisi. Nikahema. Nikalichukua jekundu. Limau, halikubadilika. Magadi, halikubadilika. Likabaki linaniangalia na nyekundu yake ileile.

Nataka uelewe kwamba sikusema ni sumu. Jaribio halikusema hivyo. Lilisema tu kwamba rangi hii si mojawapo ya zile nilizozijua mimi na wewe. Lakini moyo ukishaanza kushuku, wifi, hauhitaji jibu kamili. Nusu inautosha.

Sikumwambia mtu. Ila Mama Kalista naye ana macho yake, na yeye hana limau wala magadi, ana mdomo. Kufika Ijumaa Kuu kila mwanamke aliyetoka kwenye Njia ya Msalaba alikuwa ameshasikia kwamba Mtu wa Jua anapika na pua imefungwa.

Jumatatu ilinyesha tangu asubuhi, kisha ikakatika saa ya watu kufika. Tulikaa chini ya paa la banda lako la kahawa. Mbege ilikuwa nzuri. Aliileta mzee Severini, na akaionja kwanza, funda refu kupita desturi, mpaka watu wakamwambia aache ya wengine. Watoto walikuwa na vikopo vyao. Hawakuwa na wasiwasi wowote, wao walikuwa wanaangalia mlango wa jiko tu.

Neema akatoka na sinia. Alikuwa ametandika majani makavu ya mgomba kama wewe. Na mayai, Leokadia… Yale ya maganda ya vitunguu yalikuwa na jimbi. Alikuwa ameshuka mfongoni mwenyewe, kwenye matope yale, kuchuma jimbi. Ya buluu yalikuwepo, ya njano yalikuwepo, na katikati yale mekundu, yanawaka kama makaa. Akasema, "Karibuni. Ni mayai ya mama." Akamnyooshea sinia mtoto wa kwanza.

Hakuonja.

Hakujua. Hilo naliona sasa. Huko chini kwao hawaonji. Tena ile Pasaka moja aliyokaa nasi alikuwa kitandani na malaria, hakukuona ukifanya. Lakini banda zima liliona. Mama Kalista akaushika mkono wa mjukuu wake aliyekwisha kuunyoosha, akaurudisha mapajani pake taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Mama mwingine akafanya hivyo hivyo. Mikono ya watoto ikawa inarudi mmoja mmoja, na Neema amesimama na sinia, anatabasamu bado, tabasamu la mtu ambaye hajui limebaki lenyewe usoni.

Nilijua lazima mtu aseme, na kwamba mtu huyo ni mimi. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama ninayemkumbusha chumvi, "Neema mwanangu, onja kwanza."

Akaniangalia. Akasema, "Siwezi, Shangazi."

"Huwezi au hutaki?" Huyo ni Mama Kalista.

Mzee Severini akajaribu kuokoa. Akasema wampe yeye, ameshazeeka, na akifa watu watapumzika kusikia habari za ujana wake. Wawili watatu wakacheka, lakini hakuna aliyempelekea yai. Na mimi, wifi, nitakueleza kilichokuwa kichwani mwangu wakati huo: yai jekundu mezani kwangu, halikubadilika. Nikajisemea, ndiyo hii. Anajua alichotia. Ndiyo maana hali.

Sasa alikuwa ameelewa. Kuelewa kulimpanda usoni polepole. Akasema, "Mnadhani nimewawekea kitu?" Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu zaidi. Mayai yakaanza kugongana kwenye sinia, tik, tik, na mtoto mmoja akacheka kwa sababu alidhani ni mchezo.

Ndipo akasema, si kwa sauti kubwa, na si kwetu sote, kwangu tu: "Shangazi, bibi yangu alinikataza. Kwetu mwanamke halili yai akiwa hivi." Na kwa kuwa mikono yake yote ilikuwa imeshika sinia, hakuweza kuonyesha. Akatazama tu chini, tumboni kwake.

Mimi mwenye shahada sikuelewa. Nilibaki nasubiri amalize sentensi. Mama Kalista ndiye aliyeinuka, akalichukua sinia mikononi mwake, akalikalisha juu ya gunia la kahawa, akavuta kigoda chake mwenyewe na kumwambia, "Kaa, mama. Kaa chini. Tangu lini?"

Tangu Krismasi, wifi. Deo alikuja kama watoto wote wa Kilimanjaro wanavyokuja Krismasi, akakaa wiki, akarudi kwenye lori lake. Ile pua iliyofungwa ilikuwa harufu ya mayai tu, ilikuwa inamtapisha. Alichemsha sinia zima la mayai yako huku anatapika kwenye migomba, kwa sababu hakutaka Pasaka ipite bila mayai ya mama. Hakumwambia mtu kwa sababu kwao mimba changa haitangazwi, na kwa sababu, alisema, aliyestahili kuambiwa kwanza hayupo.

Watoto bado hawajala. Mtu alipaswa kuonja.

Nikaenda kwenye gunia. Ningeweza kuchagua la buluu. La buluu nilikwisha kulipima. Nikachukua jekundu. Kumbuka kwamba sikuwa nimepata jibu lolote kuhusu jekundu. Ujauzito haubadilishi rangi ya ukili. Nililimenya, na palipokuwa na ufa kwenye ganda rangi ilikuwa imeingia ndani, mstari mwembamba wa chungwa kwenye weupe. Nikauangalia ule mstari. Nikauma, nikatafuna, nikameza, nikasema, "Nimeonja."

Lilikuwa yai. Lilikosa chumvi.

Watoto wakamaliza sinia kabla sijakaa. Jioni, watu walipoondoka, Neema alinionyesha makapi kwenye sufuria: mbegu ndogo nyekundu za mzingefuri, ule mti wenye maganda ya miiba laini ambao mbegu zake wasichana hujipaka midomoni. Upo mlangoni kwa mama yake Chekereni. Alipeleka ujumbe akaletewa kwenye mfuko, kwa sababu, kwa jinsi ulivyomweleza alipokuwa anakuuguza, mayai yako yalikuwa na rangi zote za kwetu na hayakuwa na hata moja ya kwao. Alivificha vidole kwa sababu alidhani nitamkatalia. Ningemkatalia, ndiyo. Na mzingefuri, kama ungeniuliza, haujali limau wala magadi. Rangi yake ni ya aina nyingine kabisa. Nilipaswa kukumbuka. Nitakueleza siku nyingine, najua umeshachoka.

Usidhani nimekuwa mtu mwingine. Bado namwangalia. Jana aliniletea mtori wa ndizi, na kabla sijaupokea akauonja mbele yangu, kijiko kimoja, bila kuambiwa, akanipa. Sikujua nicheke au nilie. Nimeshuku hata hapo kwamba alikuwa ananitania, na nadhani kweli alikuwa ananitania, na hilo limenifurahisha kuliko mtori.

Ila kuna jambo aliniuliza ambalo sijaweza kuliweka chini. Aliuliza, nani huku hulisha mzazi? Amesikia kwamba mlimani mwanamke akijifungua mama mkwe wake humweka ndani miezi mitatu, hashiki jembe wala kuni, anapikiwa mtori na mlaso wa damu mpaka mashavu yajae. Mama yake mwenyewe hawezi kupanda, mpunga hauachwi. "Sasa mimi, Shangazi," akasema, "mama mkwe wangu si ndiye yule pale?" Akaonyesha upande wa kaburi kwa kidevu.

Sikujibu pale pale. Nilikuja kwanza kukuambia wewe.

Leokadia, mvua ikiisha na kahawa ikianza kuiva, nitafunga nyumba yangu na kuhamia kwako. Nitalala chumba chako, upande wako wa kitanda, kwa kuwa ule mwingine una lile shimo la godoro. Nitachinja yule beberu wako mwenyewe, nitasimamia jiko, na kwa siku zote hizo hakuna atakayemtuma Neema hata maji. Mtoto akiamka, nitaamka mimi. Sijawahi kulea mtoto mchanga, unajua, nilipata wakubwa wa kidato tu. Nitakosea, na Mama Kalista atanisema mbele za watu. Nitavumilia. Wala sitamwita huyo mtoto mtu wa jua wala mtu wa ukungu. Nitamwita mjukuu wa Leokadia mpaka alichoke jina hilo.

Kwaheri, wifi yangu. Nitapita kesho kuyaangalia yale masale mawili.

Ni mimi wako,
Mwalimu